MAONI YETU: MAJI YA MOTOKAA HAYAPOTEI BURE

Safari hii hatuandiki juu ya mishahara, wala juu ya saa za kazi, bali juu ya maji ya rejeta. Twajua wako watakaocheka na kuuliza kama chama kimeishiwa na maneno. Hakijaishiwa. Fedha tunazozipigania kila mwaka mezani pa waajiri huenda wapi zikiisha kulipwa? Kwa wengi wetu wa Thika na Ruiru huenda katika karo, katika chakula, katika kodi ya nyumba, na katika motokaa moja kuukuu iliyonunuliwa kwa mkopo wa ushirika. Motokaa hiyo ndiyo ipelekayo watoto shule, mama hospitali, na jamaa nzima matangani. Mkopo wake hukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi, na injini ikifa, mkopo haufi pamoja nayo. Kwa hiyo jambo hili ni la chama, na twaomba mlisome mpaka mwisho.

Mwenzetu mmoja wa Ruiru ametupa ruhusa tusimulie yaliyompata, ila jina lake tuliache. Alikuwa na steshenwagoni ya kutoka Japani, ya miaka ya mwisho ya 1990, safi kwa macho. Kwa muda wa miezi mitano alifungua kifuniko kila asubuhi akaongeza maji ya bomba, mara nusu lita, mara zaidi, kisha akaenda kazini. Hakuona hata tone moja chini ya gari. Akajiambia kwamba motokaa ya zamani hunywa maji kama mzee anywavyo chai, na ya kwamba hakuna dawa. Siku moja alichukua jamaa zake wanne kwenda mazishini upande wa Karatina. Njia hiyo hushuka mpaka Sagana, kisha huanza kupanda. Kwenye mpando injini ilichemka. Akasimama, akatia maji baridi katika injini iliyokuwa bado na moto mkali, akawasha, akaendelea. Kilomita chache mbele ikazima.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Fundi akafungua injini, akasema gasketi ya hedi imeungua, na kusema kweli ilikuwa imeungua. Hedi ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikatiwa, mwenzetu akalipa karibu mshahara wa miezi miwili. Hazikupita wiki saba, maji yakaanza kupungua tena, na injini ikachemka mara ya pili.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja wa Makongeni. Huyu hakufungua kitu. Alifunga pampu ndogo yenye saa ya kupimia mahali pa kifuniko cha rejeta, akapiga pampu, akangoja, kisha akamulika kwa tochi nyuma ya injini. Mpira mdogo uendao kwenye hita ulikuwa na ufa usiofika urefu wa ukucha, na ufa huo ulifunguka tu wakati maji yalipokuwa na nguvu ndani yake. Matone yake yaliangukia chuma chenye moto, yakageuka mvuke njiani. Ndiyo maana chini palikuwa pakavu kila asubuhi. Bei ya mpira ule haikufika mshahara wa siku moja.

Tazameni vizuri kosa lilikuwa wapi. Fundi wa kwanza hakuwa mwizi. Gasketi ilikuwa imeharibika kweli, na kazi yake aliifanya. Lakini gasketi ilikuwa matokeo, na ufa wa mpira ndio uliokuwa chanzo. Aliulizwa, "Kumeharibika nini?" akajibu. Hakuna aliyemwuliza, "Maji yalikwenda wapi hata injini ikachemka?" wala hakuna aliyekuwa tayari kumlipa atafute jibu. Mwenye gari naye aliona dalili kwa miezi mitano akaifunika kwa maji ya bomba. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenzetu alijenga ukuta mara mbili, na ufa ulikuwa bado uko pale pale.

Basi msimamo wetu ni huu. Maji hayapotei bure. Injini isifunguliwe kabla chanzo hakijatafutwa. Na kutafuta chanzo ni kazi, na kazi hulipwa.

KWA NINI HUKU KWETU NI HATARI ZAIDI

Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na maji yaliyo katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye digrii 95 hivi. Injini nyingi za petroli hufanya kazi kwenye digrii 90 hivi, na kwenye mpando au msongamano wa magari hupita hapo. Maana yake ni kwamba, kama rejeta ingekuwa wazi kama sufuria, injini zetu zingechemka karibu kila siku.

Kitu kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke usitoke mpaka ufikie nguvu fulani. Juu ya vifuniko vingi vya motokaa za Japani mtaona imeandikwa 0.9 au 1.1. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji hapa Thika hayachemki mpaka yafike kiasi cha digrii 115. Kulanti, yaani yale maji ya dawa yenye rangi, ikichanganywa sawasawa huongeza digrii chache zaidi. Lakini kifuniko kikichoka, au kukiwa na ufa mahali popote, nguvu hiyo hupotea, na tunarudi karibu na ile 95. Kwa hiyo msidharau tundu dogo. Halipotezi maji tu, hupoteza pia ile nguvu inayoyazuia maji yasichemke.

Tena magari yetu ni wazee. Kanuni za nchi zimeweka kwamba gari lililotumika lisiingie Kenya likiwa na zaidi ya miaka 8. Lakini likiisha kuingia, laweza kutumika miaka 15 au 20 mikononi mwetu. Mipira ya maji hukauka na kupasuka. Vichwa vya plastiki vya rejeta hugeuka rangi na kufanya nyufa pale vinaposhikana na alumini. Na gari lililonyweshwa maji matupu kwa miaka mingi hula kutu kwa ndani, pampu ya maji huharibika, na vile vizibo vya chuma vilivyo ubavuni mwa bloku hutoboka. Maji ya kisima yenye chumvi ni mabaya zaidi, kwani huacha ukoko ndani ya rejeta kama ule mnaouona ndani ya birika.

KWANZA USALAMA

Msifungue kifuniko wakati injini ina moto. Maji yaliyofungiwa ndani yaweza kupita digrii 100, na mara kifuniko kinapolegea hulipuka yakawa mvuke usoni pa mtu. Ngojeni mpaka mweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua, tena uwe laini ukibonyezwa. Hata hapo tumieni kitambaa kinene, zungusheni polepole, na uso uwe kando.

Jihadharini na feni ya umeme. Yaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Kulanti ina ladha tamu nayo ni sumu, yaweza kumwua mtoto au mbwa. Msiiweke katika chupa ya soda, wala msiimwage mtaroni iende mpaka mto Ruiru au Chania. Yakusanyeni yaliyomwagika, na watoto wakae mbali.

MAJI HUENDA WAPI?

Njia za maji ni nne tu. Huenda nje, chini ya gari. Huenda ndani ya chumba cha abiria kwa njia ya hita. Hutoka kama mvuke au kufurika kwa sababu ya kifuniko kibovu au injini kuchemka. Au huingia ndani ya injini yenyewe. Mwenye gari asiyekuwa fundi anaweza kuzichungua zote nne kwa juma moja, bila kulipa senti, kabla ya kwenda gereji. Afanye hivi.

1. Daftari. Injini ikiwa baridi asubuhi, jazeni maji mpaka mahali pake, kisha bandikeni kipande cha karatasi ya gundi kwenye chupa ya akiba pale maji yalipofika. Kila asubuhi andikeni tarehe, kilomita, na kiasi cha maji yaliyoongezwa, yakipimwa kwa chupa ya nusu lita. Gari linalopoteza nusu lita kwa kilomita 50 lina ugonjwa tofauti na linalopoteza nusu lita kwa mwezi. Mtu anayeandika saa zake za ovataimu hadanganywi na karani wa mishahara, na mtu anayeandika maji yake hadanganywi na injini. Mwisho wa juma karatasi hiyo ni ya fundi.

2. Kadibodi. Usiku egesheni gari mahali palipo sawa, mtandaze kadibodi kavu chini ya injini, na mwandike juu yake upande wa mbele na upande wa dereva. Asubuhi tazameni doa liko wapi na lina rangi gani. Maji meupe yasiyo na harufu wala utelezi, yanayodondoka karibu na miguu ya abiria baada ya kutumia mashine ya hewa baridi, si ugonjwa, ni jasho la mashine hiyo. Oili ni nyeusi au ya kahawia. Kulanti huteleza vidoleni, ina rangi, na hunuka utamu, nanyi msiionje. Hapo mtaona faida nyingine ya kulanti, kwamba maji matupu yanayovuja hayana rangi ya kuwaonyesha njia. Na kadibodi ikiwa kavu, msiseme hakuna tundu. Mkumbukeni mwenzetu wa Ruiru.

3. Macho na tochi. Injini ikiwa baridi, fuateni kila mpira wa maji kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata ile midogo iliyojificha nyuma. Bonyezeni. Mpira mzuri hurudi, mpira mbovu huwa mgumu kama kuni, au umevimba, au una nyufa. Chunguzeni kila kibano. Mahali maji yalipovuja na kukauka huacha alama nyeupe, kijani, nyekundu au ya kutu. Tazameni maungio ya plastiki na alumini ya rejeta, kifuko cha themostati, na chini ya pampu ya maji. Pampu nyingi zina tundu dogo la makusudi chini ya ekseli yake. Likianza kulia machozi, muhuri wa ndani umekwisha, na pampu yataka kubadilishwa.

4. Ndani ya gari. Inueni zulia la upande wa abiria wa mbele. Likiwa bichi na kuteleza, na kioo cha mbele kikifanya ukungu wenye harufu tamu kila hita inapowashwa, rejeta ndogo ya hita imetoboka.

5. Kifuniko. Tazameni mpira wake. Ukiwa umepasuka, umekauka au umekula ukoko, nunueni kingine chenye namba ile ile iliyoandikwa. Msichukue chenye namba kubwa zaidi mkidhani mnaongeza nguvu. Mtapasua mipira na rejeta.

6. Dalili za hedi. Hapa watu wengi hutishwa bure, na wengine hupuuza wakapata hasara. Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache ni mvuke wa baridi tu. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa na moto, tena wenye harufu tamu, ni dalili. Utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, wakati wa baridi ya Julai, kwa gari linaloenda mwendo mfupi tu, waweza kuwa jasho la kawaida. Lakini oili yenyewe kwenye kijiti cha kupimia ikiwa kama chai ya maziwa, msiwashe injini tena, mwiteni fundi. Mipira ya rejeta ikiwa migumu kama jiwe dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, au mapovu yakitoka mfululizo, huenda moshi wa silinda unaingia katika maji.

Hata dalili hizo si hukumu. Kuna vipimo. Pampu ya kupimia ile aliyoitumia mzee wa Makongeni hufungwa rejeta ikiwa baridi, ikapigwa mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko bila kuizidi, kisha mtu hungoja robo saa. Mshale ukisimama, hakuna mahali panapovuja kwa nguvu hiyo. Mshale ukishuka, tundu liko, na maji yatalionyesha. Ukishuka na nje pote pakavu, tazameni hita, kisha hedi. Kuna na kipimo cha maji ya buluu yanayowekwa mdomoni pa rejeta injini ikinguruma. Moshi wa injini ya petroli ukipita humo, buluu hugeuka manjano. Na plagi zikitolewa, ile ya silinda iliyoingiwa na maji mara nyingi hukutwa imesafishwa kama iliyooshwa, na zenzake zina rangi ya moshi. Kwa vipimo hivi fundi aweza kusema "gasketi imekwisha" akiwa na ushahidi mkononi, kabla ya kulegeza hata nati moja ya hedi.

MAMBO YA KUACHA

Acheni kutoa themostati. Desturi imeenea ya kusema kwamba nchi yetu ni ya joto, haina haja ya kitu hicho. Si kweli. Themostati huiwezesha injini ipate joto lake upesi na kulishika. Bila hiyo injini hukimbia ikiwa baridi, hula petroli nyingi, na vyuma huchakaa. Ikiharibika, wekeni nyingine.

Acheni dawa za kuziba zinazomiminwa ndani ya rejeta kama tiba ya kudumu. Haziwezi kuchagua tundu. Zinaziba na vijia vyembamba vya rejeta na hita. Kwa mtu aliyekwama njiani zaweza kumfikisha nyumbani, basi.

Acheni kutia maji baridi katika injini iliyochemka. Chuma chenye moto kikipata baridi ghafula hupinda au hupasuka, na hedi za alumini ndizo za kwanza. Mkiwa kwenye barabara kuu ya Thika, ambayo tangu ilipokamilika mwaka 2012 magari hukimbia sana, msisimame katikati. Mshale wa joto ukianza kupanda, zimeni hewa baridi, fungueni hita mpaka mwisho hata kama mtatoka jasho, ingieni njia ya kando, mkasimame mahali salama na kuzima injini. Wekeni alama za tahadhari. Ngojeni nusu saa au zaidi. Na likivuja sana, livuteni. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko injini.

JUU YA FUNDI, AMBAYE NI MFANYAKAZI KAMA SISI

Sasa twafika penye jambo gumu, na twataka wanachama walifikiri bila hasira.

Kila Jumamosi twawasikia wenzetu wakilalamika: fundi amebadilisha rejeta, kisha pampu, kisha themostati, kisha hedi, na gari bado lavuja. Wanasema mafundi ni wezi. Wako walio wezi, kama walivyoko katika kila kazi. Lakini tujiulize sisi wenyewe, tunamlipa fundi kwa nini? Twamlipa anapofunga kitu kipya. Akikaa saa mbili akitafuta, akatambua kwamba ni kibano kimelegea, akakikaza kwa bisibisi, twamwambia, "Si umekaza tu? Chukua mia ya chai." Siku hiyo twamfundisha somo. Kesho akiona kibano kimelegea, atanyamaza, auze rejeta. Mtu anayelipwa kwa kubadilisha atabadilisha. Mtu anayelipwa kwa kutafuta atatafuta.

Sisi tulio katika viwanda na mashamba twajua vizuri ubaya wa kulipwa kwa kipande. Twajua kazi inayoharakishwa kwa sababu hesabu ni ya debe au ya idadi. Tumepinga jambo hilo mbele ya waajiri. Je, haki tunayoidai mezani, tuikanyage tukifika chini ya mti wa fundi? Ujuzi wa mzee wa Makongeni haukuwa katika kufunga mpira. Mpira hata kijana wa juma moja angeufunga. Ujuzi ulikuwa katika kujua pa kumulika tochi.

Thika si mji mgeni wa motokaa. Kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa hapa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na baadaye kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiko mjini mwetu, na ujuzi wa vyuma uko kwa watu wetu. Mafundi wengi wa jua kali walijifunza kwa mikono, hawana karatasi. Wakumbukeni na kuwahimiza wakafanye mitihani ya ufundi ya NITA, inayotolewa kwa daraja la 3, la 2 na la 1. Cheti hakimfanyi mtu fundi, lakini humpa nguvu ya kudai malipo ya ujuzi wake, na hutupa sisi njia ya kumjua.

TUNAYOPENDEKEZA

Twaleta mashauri haya mbele ya mikutano ya matawi ya Thika na Ruiru, yajadiliwe na kupigiwa kura.

La kwanza, kila tawi linunue pampu moja ya kupimia rejeta pamoja na vifuniko vyake vya namna mbalimbali, na chupa ya kipimo cha buluu. Vitunzwe na mweka hazina wa tawi na kuazimwa kwa sahihi, kama tunavyoazimana viti vya mikutano. Vitu hivi havina bei ya kutisha watu mia wakichanga pamoja, lakini kwa mtu mmoja havinunuliki.

La pili, mwanachama akipeleka gari kwa fundi, kwanza wakubaliane malipo ya uchunguzi peke yake, yalipwe hata kama ugonjwa utakutwa ni kibano. Fundi naye aonyeshe alichokiona. Gharama ya matengenezo iandikwe kabla ya kuanza, na vyuma vya zamani virudishwe kwa mwenye gari.

La tatu, injini ikiwa imechemka na hedi imefunguliwa, isifungwe kabla ya kujibiwa lile swali: maji yalikwenda wapi? Na gari likitoka gereji lipimwe tena kwa pampu, mbele ya macho ya mwenyewe.

La nne, kamati ya ushirika ifikiri juu ya kuchunguza gari kabla ya kutoa mkopo wa kulinunulia. Robo saa ya pampu na tochi yaweza kumwepusha mwanachama na makato ya miaka mitatu kwa injini iliyokufa.

Ndugu Wanachama, mwakilishi mzuri wa wafanyakazi haendi kwa meneja na kelele tu. Huuliza kwanza, huandika, hupata ushahidi, hutafuta ugomvi ulianzia wapi, kisha husema. Ndivyo tulivyoshinda madai yetu mengi, na pale tuliposhindwa mara nyingi ni kwa sababu tuliruka hatua hiyo. Motokaa haina tofauti. Kumwaga maji juu ya tatizo kila asubuhi ni sawa na kupokea ahadi tamu kila mwisho wa mwezi. Siku yaenda, na ufa wazidi kufunguka.

Mwenzetu wa Ruiru bado anamalizia mkopo wake. Gari lake latembea, hedi yake imesawazishwa mara mbili na haitavumilia mara ya tatu. Sasa ana daftari ndani ya kisanduku cha dashibodi, na juma lililopita alituonyesha kurasa zake. Siku arobaini, maji yaliyoongezwa: hakuna. Alituomba tuwaambie wenzake, nasi tumewaambia. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungueni boneti mtazame.